Asilimia Mia ya Profesa

Hakuwa profesa wa chochote. Jina hilo alijipachika mwenyewe aliporudi kutoka kozi ya wiki tatu, akaingia ofisini na mkoba mpya wa ngozi na namna mpya ya kusafisha koo kabla ya kusema. Alitueleza kwamba washiriki wenzake huko walimwita Profesa kwa jinsi alivyokuwa akiuliza maswali. Basi sisi tukalidaka jina, tukawa tunamwita hivyo kila siku kwa sauti ya heshima, naye muda wote aliokuwa mkuu wa kitengo chetu hakuwahi kugundua kwamba tunamvisha kilemba cha ukoka.

Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu kwenye ghorofa ya pili ya ofisi ya ramani. Yeye alikaa dirishani. Mimi, niliyeajiriwa hasa kuandika programu, nilikaa karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia hukuuliza choo kiko wapi. Nyuma ya ukuta wa mbao, penye mashine ndefu ya kioo iliyojaza nusu ya chumba, alikaa mama mmoja tuliyemwita Bibi Picha.

Huyu ndiye aliyekuwa akifanya kazi. Kwa miaka minne alikuwa akiingiza kwenye kompyuta picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kabla bwawa halijajengwa, kabla barabara hazijapita, kabla mji haujameza mashamba yaliyouzunguka. Filamu zilikuwa zimeanza kuoza na kunuka siki. Alivaa glavu, akapangusa kila filamu kwa brashi laini kama anayepangusa uso wa mtoto, akailaza kwenye kioo, akasubiri dakika kumi na moja, kisha akakagua pembe zote nne kwenye skrini. Ikiwa sawa, filamu ilikwenda kuteketezwa, maana uozo ule uliambukiza nyingine kama upele. Picha zilikuwa elfu mbili mia moja na arobaini. Alizijua kwa namba, na ukimtajia namba alikwambia mto unakata kona wapi.

Watu walizihitaji. Penye ugomvi wa mpaka, penye kaburi lililozama au kijito kilichohamishwa, picha ile ndiyo ilikuwa shahidi pekee asiyehongeka. Na nakala zilikuwa moja tu, kwenye diski zilizopangwa kwenye chumba cha baridi. Ndipo Mkurugenzi akaagiza zote zipakiwe kwenye ghala la wingu, yaani kompyuta za mbali zinazokuhifadhia vitu kupitia mtandao.

Kazi hiyo ilikuwa yangu, hata mfagizi alijua. Profesa akaichukua.

“Hili nitalishika mwenyewe,” akasema kwenye kikao. “Ni jambo nyeti.”

Unyeti wake ulikuwa kwamba Mkurugenzi angeliangalia.

Akajifungia siku nne. Siku ya tano akaiweka programu yake kwenye kabrasha letu la pamoja ili tuistaajabie. Niliifungua kwa nia mbaya, sikatai. Nilitaka kucheka, na nikapata cha kuchekea.

Niseme kidogo kazi yenyewe ilivyo. Faili kubwa haliingii kwenye ghala la wingu likiwa zima, kama kabati lisivyoingia mlangoni bila kufunguliwa. Programu hulikata vipande, ikavituma kimoja kimoja, na kila kipande kikifika ghala hujibu: nimekipokea, namba yake hii. Mtandao ukikatika, unarudia kipande kile tu. Mwisho unatuma amri ya kufunga: vipande hivi, kwa mpangilio huu, ni faili moja. Ni mistari mitatu hivi. Usipoituma, ghala halijui kwamba umemaliza. Vipande vinakaa kando kama wageni waliokaribishwa wasiambiwe pa kukaa, na kwenye orodha ya mafaili huoni kitu.

Profesa alikuwa amenakili programu nzima kutoka mtandaoni. Hata salamu za mwandishi wa kwanza kwa wasomaji wake alikuwa ameziacha humo. Amri ya kufunga hakuinakili. Nadhani ule ukurasa ulikuwa na sehemu ya pili. Pale ilipotakiwa kuwapo aliandika mstari wake mwenyewe, wa pekee wa kwake katika kazi nzima, wa kuonyesha kwenye skrini kwa rangi ya kijani: ASILIMIA MIA, HONGERA. Juu ya hayo aliweka kanuni ghalani kwamba vipande visivyofungwa vifagiliwe baada ya siku saba. Ni kanuni nzuri, kwa mtu anayefunga.

Nikamwendea.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba.”

“Kwenye programu yako amri ya kufunga haipo. Vipande vitafika, lakini faili halitaungana.”

Akaegemea kiti, akasafisha koo, akawageukia wenzetu kana kwamba ndio waliouliza.

“Jamani, mimi naona faili, huyu mdogo wangu anaona vipande. Ndiyo tofauti ya aliyepanda mlimani na aliyebaki bondeni.”

Wakacheka. Wangefanyaje, na yeye ndiye anayesaini likizo zao?

“Fungua tu orodha ya ghala uangalie,” nikamwambia.

“Mwanafunzi hamtumi mwalimu ubaoni. Nenda kafanye kazi yako.”

“Sawa, Profesa.”

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa nimemwambia mbele ya mashahidi, mara moja, kwa adabu. Mara ya pili singemwambia. Mtu kama yule, niliwaza, dawa yake ni kuachwa aende na kamba yake mpaka iishe.

Wiki ya pili nilichungulia orodha. Ruhusa ya kutazama nilikuwa nayo, ya kugusa sikuwa nayo. Picha mia sita na zaidi zilikuwa tayari “zimepakiwa.” Orodha ilisema: mafaili, sifuri. Na kule dirishani, kila baada ya dakika kadhaa, kompyuta ya Profesa ilikuwa ikimpa hongera.

Nilimhadithia mume wangu nikicheka hadi machozi. Yeye ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, alikuwa amepiga magoti sebuleni akifungua mota ya mteja.

“Kwa hiyo hakuna kitu kilichofika?”

“Hata kimoja! Na anatembea kifua mbele kama jogoo.”

“Na wewe unajua.”

“Si nilimwambia? Akanifanya kichekesho.”

Akapuliza vumbi kwenye mota. “Na hizo picha ni za kwake?”

“Diski zipo,” nikamjibu. “Hakuna kinachopotea. Kitakachopotea ni sura yake tu.”

Akarudi kwenye skrubu zake, nami nikamwona hajaelewa utamu wa jambo lenyewe.

Siku ya arobaini Profesa akatangaza kwamba kazi imekwisha. Ilikuwa Jumatano. Akaita mkutano wa Alhamisi saa nne asubuhi, Mkurugenzi akiwapo, pamoja na soda na biskuti, ili atoe maelezo kwa picha za kuangaza ukutani. Barua pepe ya mwaliko ilikuja na viambatisho viwili. Sikuifungua. Barua zake nilikuwa na mazoea ya kuzitupa kama maganda. Saa nne wenzangu walipoinuka, nikabaki nikichapa vitu visivyo na haraka, nikajiambia nina kazi bora kuliko kumsikiliza debe tupu likivuma. Kupitia ukutani niliwasikia wakipiga makofi. Nikasonya peke yangu.

Ijumaa nilikuwa na ruhusa ya kumpeleka mama mkwe hospitalini. Jumatatu asubuhi, hata mkoba sijauweka chini, Bibi Picha akatoka nyuma ya ukuta wake akiwa na glavu mkono mmoja.

“Mwanangu, nisaidie kufungua hilo ghala. Kuna mtu anataka picha ya elfu moja na tisa, na diski si zimeondoka.”

“Zimeondoka wapi?”

“Wamezichukua Ijumaa. Si ilisemwa mkutanoni? Mkurugenzi aliuliza kama kila kitu kiko salama, Profesa akasema asilimia mia. Basi akasema diski zifutwe, zipewe idara nyingine. Hukuwapo?”

Sikuwapo. Nilimtazama yule mama na glavu yake moja, nikakaa.

Kisha nikainuka, nikaenda dirishani. Profesa alikuwa akikata kucha.

“Diski zimefutwa?”

“Salamu kwanza, binti.”

“Profesa, zimefutwa?”

“Nadhani. Kwani kuna nini? Mambo yako juu.” Akaonyesha dari, ndiko alikodhani wingu liliko.

Nikavuta kibodi yake bila kuomba, nikafungua orodha ya ghala. Sifuri ikatokea katikati ya skrini. Aliitazama kwa muda. Akaibofya. Akaupakia ukurasa upya mara tatu, kila mara akiusogelea zaidi, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.

“Ni mtandao huu,” akasema.

“Si mtandao. Hukufunga hata faili moja.”

“Lakini iliandika asilimia mia!”

“Wewe ndiye uliyeiandika.”

Kosa alilielewa pole pole, na nilimwona likimshukia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilikuwa nimeisubiri sura hiyo kwa siku arobaini, nimeiota, nimeisimulia nyumbani kabla haijatokea. Haikuwa na ladha yoyote. Alikuwa mtu mnene mwenye hofu, mkononi ameshika kikata kucha.

Nikapiga simu bohari. Mtunza bohari alikuwa mchangamfu. “Hizo? Tumeziosha tangu Jumamosi, dada. Ziko safi kabisa, zimeshajazwa mambo mengine.” Alitaka nimsifu.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Mfagio wa ghala ulipita mara moja kila usiku, na ulichukua vipande vilivyotimiza siku saba. Basi vya Jumatatu, Jumanne na Jumatano iliyopita vilikuwa bado vipo, vimekaa kando, havijaunganishwa. Ghala linakumbuka namba za vipande hata kama programu imesahau. Ukiviorodhesha, ukavipanga, ukatuma ile amri, faili linasimama.

“Nipe ufunguo wa kuandika ghalani,” nikamwambia.

Akashusha sauti. “Mdogo wangu, tulimalize hili humu humu. Mkurugenzi asije akasumbuliwa bure.”

“Ufunguo.”

“Nitakupa. Ila tuelewane kwanza, hii ni kazi ya pamoja…”

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa. Akaninakilia ufunguo kwenye karatasi ya njano, na herufi moja akaikosea, nikalazimika kurudi tena.

Niliandika programu kwa saa moja na nusu. Nilijaribu faili moja kwanza. Vipande themanini na sita, nikatuma amri, nikasubiri. Orodha ikageuka kutoka sifuri hadi moja. Bibi Picha alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Nikaifungua picha. Mashamba, njia ya miguu, mabati ya shule yakimeta.

“Elfu mbili na kumi na nane,” akasema kwa namna yake ya kutaja namba. “Huo ni mwaka wa mafuriko. Nyingine?”

Nikaiachia programu iendelee. Hesabu ikapanda: kumi, arobaini, mia moja. Ilipofika mia moja sitini na nne ikasimama.

“Endelea,” akasema.

“Zimekwisha, mama.”

“Zimekwishaje? Ziko elfu mbili.”

Nikamweleza yote: vipande, mfagio, siku saba. Filamu zilikuwa zimeteketezwa kwa sahihi yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, miaka minne. Alivua ile glavu akaikunja.

“Profesa hakujua hayo ya kufunga?”

“Hakujua.”

“Nawe?”

Ningeweza kusema nilimwambia. Lilikuwa jibu la kweli na nilikuwa nimelitunza muda mrefu. Lakini alikuwa akinitazama, na mtu aliyekagua pembe nne za picha elfu mbili hadanganyiki kirahisi.

“Nilijua tangu mwanzo,” nikasema. “Nilimwambia mara moja. Wiki ya pili nikaona orodha haina kitu. Nikanyamaza.”

“Kwa nini?”

“Nilimdharau.”

Bibi Picha alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei ya kitu asichokusudia kununua.

“Yule ni mjinga,” akasema. “Mjinga nilimzoea, nilijua namna ya kumzunguka. Wewe nilikuwa nikikuamini. Nilikaa mita tano kutoka kwako, mwanangu. Ungeshindwa kuja kuniambia mimi? Au na mimi ulinidharau?”

Kusema kweli sikuwahi kumfikiria. Katika siku zote arobaini za kumcheka Profesa, yule mama hakuwamo hata kidogo. Alikuwa nyuma ya ukuta na brashi yake, kazi yake ikinipa kitu cha kuchekea.

Akarudi kwenye mashine. Nilisikia akiizima.

Mkurugenzi alituita Jumatano. Profesa alikuja na maelezo ya kurasa sita. Kulingana nayo, palikuwa na “hitilafu isiyotarajiwa upande wa watoa huduma,” na kitengo chake “kwa hatua za haraka” kilikuwa kimeokoa sehemu ya kumbukumbu. Alisoma kwa sauti nzito, amevaa tai. Nilimtazama nikaona kwamba ameshaanza kuamini. Kesho yake angekuwa shujaa wa moto aliouwasha.

Mkurugenzi, mwanamke mkavu ambaye hakupenda vikao virefu, akauliza, “Kuna mwenye la kuongeza?”

Nikanyoosha mkono. Nilisema hakukuwa na hitilafu ya watoa huduma. Nilisema amri ya kufunga haikuwamo, nikamwonyesha mahali. Profesa akaanza kusafisha koo. Kisha nikasema la pili: kwamba nilijua kwa siku arobaini, na nilikuwa nimeona sifuri kwa macho yangu.

Mkurugenzi alimtazama Profesa, kisha mimi, na macho yake hayakubadilika alipotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

“Na mimi sikumwomba mtu anifungulie faili hata moja kabla ya kusaini diski zifutwe,” akasema. Akafunga daftari. “Tokeni.”

Profesa alihamishiwa kitengo cha mafunzo. Huko, nasikia, anafundisha namna ya kuhifadhi kumbukumbu, na wanafunzi wanamwita kwa jina lake lile lile. Mimi nilipewa barua ya onyo, na pamoja nayo kazi yote ya ghala, maana hapakuwa na mwingine. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifuta ile kanuni ya siku saba. Cha pili, kila faili likipanda sasa, programu inalishusha tena na kulilinganisha na la mwanzo kabla ya kusema neno lolote. Wenzangu wanalalamika kwamba ni polepole. Nawaacha walalamike.

Bibi Picha alistaafu miezi miwili kabla ya wakati wake. Siku ya mwisho aliwaaga watu wote wa ghorofa kwa kuwashika mkono. Aliponifikia alinishika pia, kama wengine, si zaidi wala si pungufu, akaniambia brashi zimo kwenye droo ya pili na zisioshwe kwa maji moto.

Wiki iliyofuata alifika mwanaume mmoja wa makamo pamoja na dada yake. Walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba la marehemu baba yao, na mpimaji aliwatuma kwetu wachukue picha ya zamani inayoonyesha ulikopita ua. Kaka mtu alinipa namba, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha daftari. Nikaitafuta ingawa nilijua. Haikuwamo kati ya zile mia moja sitini na nne.

“Haipo,” nikawaambia.

“Wametuambia hapa ndipo iliko,” akasema yule dada.

“Ilikuwapo. Tumeipoteza.”

“Mmeipotezaje? Iliungua?”

“Hapana. Kuna aliyekosea kazi, na kuna aliyeona akanyamaza.”

Walitazamana. Nadhani walisubiri niwaambie warudi kesho, au waende dirisha jingine, kama ilivyo desturi ya maofisi. Sikuwa na dirisha jingine la kuwapeleka.

“Basi tuandikie, dada,” akasema kaka mtu. “Andika kwamba ni nyinyi. Mpimaji asije akasema sisi ndio hatukuja.”

Nikachukua karatasi yenye kichwa cha ofisi, nikaandika kwamba picha hiyo ilipotea mikononi mwetu na kwamba wenye shamba hawana kosa lolote. Nikaweka jina langu na mhuri. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akafika mwisho akarudi juu.

“Tarehe si hii,” akasema. “Leo ni kumi na nne.”

Nikaichana, nikaandika nyingine, naye akasimama pale pale mezani akinitazama ninavyoiandika.